Kikundi cha Ukoo: Zuhura Yuko Relini

Jumamosi, saa 1:40 usiku

Mama: Zuhura mwanangu, toka asubuhi simu yako inaita tu. Kuna nini?

Zuhura: Shikamoo Mama. Shikamooni wote. Tukienda njiani simu zinabaki ofisini, ndiyo kwanza nimeishika.

Mama: Marahaba. Njiani wapi tena? Si ulisema uko darasani?

Zuhura: Darasa lilikuwa wiki iliyopita. Wiki hii tuko na kikosi cha njia, leo tumeshinda tunatembea juu ya reli. Mataruma, yale magogo yanayolala chini ya reli kuibeba, yamepangwa kila baada ya sentimita 60 hivi. Ukikanyaga mojamoja hatua inakuwa ya kitoto, ukiruka moja unatanua miguu mpaka nyonga zinalia. Hakuna mwendo wa kati.

Shangazi Mwajuma: Si umeajiriwa afisa wa reli wewe? Afisa na mataruma wapi na wapi?

Juma: Dada kawa kibarua 😂

Zuhura: Shangazi, tunatembea wote, hata wale wa uhasibu tulio nao kozi moja. Mmoja leo kaja na viatu vya ofisini. Soli imebaki kwenye kokoto.

Mjomba Hamisi: Huko ni kupoteza hela za serikali. Msomi mzima anapelekwa kukagua mawe!

Zuhura: Mjomba, hayo mawe ndiyo yanayoishika reli. Chuma kikipata joto kinarefuka. Kilomita moja ya reli, joto likipanda kwa nyuzi 30, ingerefuka karibu sentimita 35. Sasa reli za siku hizi zimechomelewa zikawa kitu kimoja, hazina pa kurefukia, zinabaki kusukumana. Kokoto zikipungua pembeni ya mataruma, siku ya jua kali njia inajikunja kama nyoka.
Mnyapara wetu yeye hata kipimo hatoi kwanza. Anapiga magoti, analaza kichwa karibu na reli, anafumba jicho moja, anakwambia "pale mbele pameshuka". Mkienda kupima, pameshuka kweli. Nami nikalala palepale nikatazama, nikaona reli tu.

Mama: Umelaza kichwa kwenye reli???

Zuhura: Mama, kipande chote kilikuwa kimefungwa, stesheni zote mbili zina habari, na watu wa bendera nyekundu wamesimama huku na huku. Hapiti kitu.

Mama: Hata kama.

Babu: [ujumbe wa sauti, dakika 3]

Shangazi Mwajuma: Juma tusikilizie, mimi niko kwenye kelele.

Juma: Babu anasema enzi zake za malori, upepo ukiisha kwenye mitungi lori halitoki, breki zimeshika. Anauliza treni nayo ni hivyo au inakwenda moja kwa moja. Dakika mbili zilizobaki anakohoa.

Zuhura: Shikamoo Babu. Ni hivyohivyo. Bomba moja la upepo linapita mabehewa yote, na upepo uliomo ndio unaoziachia breki. Bomba likikatika, upepo unatoka, kila behewa linajishika lenyewe. Westinghouse wa Marekani alilitengeneza hilo miaka ya 1870. Lakini si wote waliolichukua mapema.
Mkufunzi katusimulia ajali ya Armagh, Ireland, 1889. Treni ya matembezi, watoto tele ndani, ikashindwa mlima. Wakaamua waikate, kichwa cha treni kipeleke mabehewa ya mbele kwanza. Breki zao zilikuwa za aina ile ambayo ukikata bomba zinaachia. Kwa hiyo ya nyuma wakayawekea mawe chini ya magurudumu. Yakaserereka mteremko wote mpaka yakakutana na treni iliyokuwa inafuata nyuma. Watu 80 wakafa. Mwaka huohuo bunge la Uingereza likatunga sheria: treni za abiria ziwe na breki za kujishika, na treni mbili zisiwemo kwenye kipande kimoja cha njia. Darasa zima lilinyamaza, na sisi tunapenda kelele.

Shangazi Mwajuma: Masikini, watoto wa watu.

Mjomba Hamisi: Inasikitisha. Sasa mpwa wangu, Jumatatu nasafiri na treni ya alfajiri. Maadamu tuna mtu wetu ndani, nikiona nachelewa nitakupigia, umwambie stesheni masta anishikie dakika tano.

Zuhura: Haiwezekani Mjomba.

Mjomba Hamisi: Tano tu!

Zuhura: Pale ni njia moja. Kuna treni nyingine stesheni ya mbele inakungoja mpishane, na ile nayo inangojwa na nyingine. Tano zako zikifika huko zimeshazaa. Halafu saa ya kuondoka inaandikwa kwenye rejista pamoja na sababu, na rejista haifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika upya, unatia saini. Sasa pale kwenye sababu niandike "Mjomba anafunga kamba za viatu"?

Juma: 😂😂😂

Shangazi Mwajuma: Shemeji, kalale stesheni Jumapili.

Mjomba Hamisi: Chekeni. Faida ya kuwa na afisa kwenye ukoo ni ipi basi?

Mama: Kaka Hamisi, mwache mtoto asome.

Juma: Dada, kichwa umeshaendesha?

Zuhura: Siendeshi, napanda na kutazama. Dereva ni mzee, anatuita "mabosi" kwa namna ambayo unajua hujawa bosi. Kila ishara anaitaja kwa sauti, "Kijani!", na wewe unajibu "Kijani!". Wenzangu wawili waliona haya kupayuka. Akawaambia wakinyamaza watashuka. Wajapani wao wanaionyesha na kidole kabisa. Mwaka 1994 taasisi yao ya utafiti wa reli ilipima, makosa yakapungua kwa karibu asilimia 85.
Na ukikaa pale mbele ndipo unaelewa. Treni ya mizigo iliyokolea mwendo ukiifungia breki inaweza kupita kilomita nzima kabla ya kusimama. Ukishakiona kitu kwa macho, mara nyingi umeshachelewa. Ndiyo maana kila kitu ni ishara na ruhusa.

Mama: Mtihani lini?

Zuhura: Alhamisi, wa mdomo, kanuni za uendeshaji. Swali wanalolipenda: ishara imekwama kwenye nyekundu, dereva anapiga simu anataka kupita, abiria wanalalamika. Utafanyaje?

Mjomba Hamisi: Apite, si imeharibika?

Zuhura: Mjomba umefeli. Kwanza uhakikishe kipande cha mbele ni kitupu, na ujue umehakikishaje. Halafu ruhusa inatolewa kwa kanuni, dereva anairudia neno kwa neno, nawe unasikiliza kama kairudia sawa. Ndipo apite polepole, awe tayari kusimama wakati wowote. "Si imeharibika" ndilo jibu linalowarudisha watu kozi.

Babu: [ujumbe wa sauti, sekunde 20]

Juma: Babu anasema yeye angefaulu.

Mama: Zuhura, hivyo viatu vyako vizima? Kuna mtu anakuja huko kesho.

Zuhura: Kimoja kimeanza kuachama, Mama. Namba 39, vya shingo ndefu. Na soksi nene.

Mama: Haya. Na huyo mhasibu mwambie aseme namba yake.