Jogoo tuliyemlea jikoni kageuka mbogo, mtoto hatoki tena nje, nifanyeje?

Mama Wawili wa Moshono
Ndugu zangu habari za jioni, naombeni ushauri na tafadhali mtu asiniambie supu, hiyo baba watoto ananiambia kila siku.

Niko Moshono hapa Arusha, nina mitetea sita na jogoo mmoja, chotara wa kuchi, shingo ndefu miguu kama mlingoti. Mama yake aliliwa na kicheche akabaki kifaranga peke yake, ilikuwa ile baridi ya mwezi wa saba tukamweka kwenye boksi jikoni, mwanangu mkubwa akawa akirudi shule anatembea naye begani mpaka dukani. Sasa ana miezi kumi na kwangu hapakaliki. Anaanza kwa kushusha bawa moja, anakuja upande upande kama mtu anayepita na mambo yake, ukigeuka tu mgongo umekwisha. Dada wa kazi anaenda kuanika nguo kashika mfuniko wa sufuria kubwa. Mama mkwe kaja Jumapili kutoka Machame na mkungu wake wa ndizi, kapokelewa getini na jogoo, mama wa watu kakimbia kaacha kandambili moja na mkungu wenyewe. Nilicheka kimoyomoyo nisiseme uongo, lakini juzi kamrukia mdogo wa miaka mitatu kamrarua chini ya jicho kidogo tu lipasuke.

Baba watoto anataka kisu, mkubwa analia. Na kusema ukweli tangu huyu jogoo akue mwewe hajanichukulia hata kifaranga kimoja.

Chalii wa Sakina
Supu.

Mama Vipora
We chalii hebu pita huko. Dada pole, kabla ya jogoo tuanze na mtoto, mlimpeleka hospitali? Kucha za kuku zinakanyaga mavi mchana kutwa, kidonda kama hicho ni kuosha kwa maji yanayotiririka na sabuni halafu kumuona daktari, muulize na chanjo ya pepopunda kama mtoto alikamilisha. Jicho likianza kuwa jekundu au kuvimba usisubiri asubuhi.

Mama Wawili wa Moshono
Tulienda usiku uleule, chanjo zake zote anazo, jicho liko salama namshukuru Mungu.

Mangi wa Kibosho
Mama, kuku ni kuku. Kwetu jogoo akimrukia mtu bibi alikuwa anamkamata miguu anamning'iniza kichwa chini mpaka ananyooka, akirudia kuni inamhusu. Nyie wa mjini mnalea kuku kama mjukuu halafu mnashangaa.

Fundi Banda Tengeru
Mzee Mangi shikamoo, kwenye kulea kama mjukuu umepiga penyewe ila kwenye kuni nakupinga. Kuku akining'inizwa kichwa chini matumbo yanaelemea mapafu anakosa pumzi, ndio maana anatulia, sio kwamba kapata adabu. Na ukimpiga teke au fimbo unamwambia kweli wewe ni jogoo mwenzie, kesho anarudi raundi ya pili.

Dada, shida yenu ilianzia kwenye lile boksi. Kifaranga aliyekua na kuku anamuogopa mtu, huyu wako haogopi kwa sababu kuku wenzake ni nyie, sasa alipobalehe, miezi mitano sita hivi, akaanza kugombea ukubwa na watu wa nyumbani. Na ana damu ya kuchi, wale wanajulikana kwa kupigana.

Cha kufanya, vaa gambuti na suruali nzito. Akishusha bawa usikimbie na usirudi nyuma, simama, msogelee polepole mpaka aondoke yeye njiani. Akiruka mkamate, bana mabawa, mtie kwapani dakika 10 hata 15, zunguka naye huku unamwaga pumba mitetea wakiona. Akilegea kabisa ndio umweke chini, akiwa bado anafurukuta usimwachie maana atajua kashinda. Kila siku hivyo wiki mbili tatu. Ule mwiba wa mguuni usikate na koleo, ndani una mfupa na damu, piga tupa ncha tu iwe butu.

Halafu mitetea sita kwa jogoo kijana ni wachache, wanane mpaka kumi ndio wanatosha. Waangalie migongo kama haijanyonyoka.

Mama Vipora
Naongezea, hayo mazoezi ni ya mtu mzima, mtoto wa miaka mitatu urefu wake ni sawasawa na jogoo akiruka, uso uko palepale. Kuanzia leo jogoo akae ndani ya wavu mtoto akiwa nje, asiponyooka hata mimi napiga kura ya kisu. Usije ukamuuzia mtu mwenye watoto ukanyamaza. Mayai ya kula utapata bila jogoo, na ukileta jogoo mwingine mtenge wiki mbili na uhakikishe kachanjwa kideri, ule ugonjwa wa mdondo.

Chalii wa Sakina
Kwa hiyo supu inakuja, imecheleweshwa tu.

Mama Wawili wa Moshono
Nimerudi, wiki tatu zimepita. Mimi ananipisha njia, nikipita na ndoo anajifanya anadonoa chini wakati hapo chini hamna kitu. Baba watoto naye alijaribu kumbeba na shati la kazini, sisemi zaidi. Ila dada wa kazi bado anamvizia, na mtoto sijamwamini naye hata dakika moja, tumezungusha wavu nyuma ya banda ndio anashinda huko na wake zake. Migongo ya mitetea wawili kweli imenyonyoka, Fundi ulijuaje? Mwezi huu ukiisha hajamwacha dada wa watu, nimemruhusu baba watoto.

Swali la mwisho, kuna koo anaatamia mayai 11 ya huyuhuyu jogoo, na watoto watarithi?

Fundi Banda Tengeru
Ukali unarithiwa kiasi, ningekuwa mimi ningemuwekea mayai ya jogoo mwingine mpole. Ana siku ngapi? Wakitotolewa waache na mama yao, msiwapakate.

Mama Wawili wa Moshono
Leo siku ya 18. Na mkubwa nimemkuta sasa hivi jikoni anapanguza boksi.