OSPF na BGP: rejea ipi ya kuweka karibu, nyaraka za mtengenezaji, RFC au mwongozo wa FRR?

Ruta_Mpya
Wadau, habari za kazi. Nimekabidhiwa mtandao wenye ruta za Cisco, chache za Juniper, na seva za Linux zinazoendesha FRR, programu huria ya kuzigeuza ruta. Itifaki ya kuchagua njia ndani ya mtandao ni OSPF, ya kubadilishana njia na mitandao ya nje ni BGP. Natafuta rejea ya kusanidi na ya kusaka hitilafu. Nyaraka za mtengenezaji, RFC zenyewe (hati za viwango vya itifaki), au mwongozo wa FRR? Video msinipe, nimechoka na amri zinazokataliwa na toleo langu.

Fundi_Swichi
Nyaraka za mtengenezaji. Ila Cisco wana vitabu vya aina mbili: mwongozo wa usanidi unaokupeleka hatua kwa hatua, na rejea ya amri inayoichambua kila amri, thamani yake ya awali na toleo ilikoanzia. Wengi huishia kwenye wa kwanza. Mfano, OSPF ya IOS (mfumo wa ruta za Cisco) hukokotoa gharama ya kiungo, ndogo ndiyo hupendelewa, kwa kugawa Mbps 100 kwa kasi ya kiungo, na haishuki chini ya 1. Kwa hiyo kiungo cha Mbps 100 na cha Gbps 10 vyote vina gharama 1, na trafiki inapita popote. Tafuta `auto-cost reference-bandwidth` kwenye rejea ya amri, utaelewa. Ukiibadilisha, ibadilishe kwenye ruta zote. Na angalia toleo kwanza: IOS XE na IOS XR zina sintaksia tofauti.

mama_itifaki
Kwa kusanidi, Fundi, sina neno. Kwenye hitilafu nakupinga. Nyaraka za kampuni moja hazikwambii vizuri kwa nini ruta yake haielewani na ya kampuni nyingine. Hapo nafungua RFC.

Chukua jirani wa OSPF aliyekwama ExStart, hatua ya kuanza kubadilishana taarifa za njia. Ping inajibu, eneo ni lilelile, salamu za hello kila sekunde 10 na muda wa dead (wa kumhesabu jirani amekufa) sekunde 40 pande zote. RFC 2328 ya mwaka 1998, kifungu cha 10.6: pakiti ya Database Description ikitaja MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) kubwa kuliko ile ruta inayoweza kuipokea, inakataliwa. Upande mmoja umewekwa 9000, mwingine 1500. Hello hazibebi MTU, ndiyo maana majirani walionana vizuri kabisa na kukwama baadaye. Mara nyingi utamkuta mmoja ExStart na mwenzake Exchange.

Kebo_Fupi
Kurasa 244 saa nane usiku, mama? 😀

mama_itifaki
Nani anazisoma zote! Kifungu cha 10 ndicho chenye hali za majirani. Kwa BGP, RFC 4271: cha 8 kwa hali za kikao (muunganisho wa ruta mbili za BGP), 9.1 kwa uchaguzi wa njia. Ila soma kichwa cha ukurasa uone imefanyiwa marekebisho na zipi. RFC 4271 peke yake itakwambia sifa ya njia yenye kasoro ndani ya UPDATE, ujumbe wa kutangaza njia, inavunja kikao. RFC 7606 ya 2015 ilibadilisha hilo: kwa kasoro nyingi, njia husika inahesabiwa kama imeondolewa na kikao kinabaki hai.

NjiaMbili
Mama, RFC zina shimo moja kubwa, na Ruta_Mpya atatumbukia humo kwa sababu anachanganya Cisco na Juniper. Njia ileile ikija kwa OSPF na kwa BGP ya nje, ipi inaingia kwenye jedwali la njia? Kila itifaki ina namba yake ya kipaumbele. Cisco: BGP ya nje 20, OSPF 110, ndogo inashinda, inaingia BGP. Junos (mfumo wa Juniper): OSPF ya ndani 10, ya nje 150, BGP 170, inaingia OSPF. Ruta mbili, taarifa zilezile, uamuzi kinyume, na zote ziko sahihi. Hizo namba ni za kampuni. Ukizitafuta RFC utakesha.

Ruta_Mpya
Hii ya namba sikuijua kabisa. Na FRR je? Kikao kimesimama lakini hakuna njia hata moja inayoingia, na mahali pa idadi ya njia pameandikwa (Policy).

pengwini_mtandaoni
Hiyo ni RFC 8212 kazini. FRR kwa usanidi wa kawaida haipokei wala haitangazi chochote kwa jirani wa BGP ya nje mpaka uweke kichujio cha kuingia na cha kutoka. Imo kwenye mwongozo, tafuta `bgp ebgp-requires-policy`. Kuna watakaokwambia izime. Andika route-map (kanuni za kuchuja njia), usiizime. Mwongozo wa FRR ni mwembamba kwenye kusaka hitilafu, lakini unaweza kuusoma huku umewasha ruta tatu za majaribio kwenye laptopu.

Ruta_Mpya
Basi naweka zote tatu: rejea ya amri kwa kuandika, RFC kwa kubishana na upande wa pili, na jedwali la namba za NjiaMbili ukutani.

Kebo_Fupi
Zipakue, usihifadhi viungo tu. Siku BGP ikilala, tovuti ya mtengenezaji nayo huifikii. RFC ni faili za maandishi matupu, nyepesi.

NjiaMbili
Kwenye Junos huhitaji hata kupakua. Andika `help topic` au `help reference` ukiwa ndani ya ruta, maelezo yako humohumo.