Mtoto wa kaka yangu ana mbio, kuna mtu anamtaka kambini. Tumpe?

Mtu_wa_Konde
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina mtoto wa kaka yangu, wa kike, miaka 15, yuko kidato cha pili huku Konde, Pemba. Anakimbia mita 400 na 800. Tangu alipowaacha nyuma wasichana wa kidato cha nne kwenye mashindano ya skuli, nyumbani hapana utulivu. Mwalimu wake kaandika 800 dakika 2 na sekunde 19, kapima kwa simu.

Sasa kuna bwana kutoka Bara kapiga simu. Anasema ana kambi, nauli na chakula juu yake, na mwaka huu huu atamtia kwenye mbio za barabarani za kilomita 21 maana huko ndiko kwenye zawadi. Anataka mtoto akatiwe paspoti na akae nayo yeye. Skuli eti atamalizia baadaye. Kaka kashalainika. Mama mtu hataki kusikia, la kwake ni nguo: binti atakimbia vipi na bukta mbele za watu? Bibi anasema aolewe (bibi tumemwachia).

Tumpe huyo bwana? Na kama hatumpi, sisi wenyewe tufanye nini hapa Pemba? Pesa hatuna, na karafuu mnazijua, mwaka huzaa mwaka hugoma.

Raba_Moja
Waalaykum salaam ami. Usimpe. Na sababu si paspoti peke yake, ingawa anayetaka kukaa na paspoti ya mtoto wa mwenziwe mimi simkaribishi hata chai.

Kilomita 21 kwa mtoto wa miaka 15 za nini? Kwenye mashindano yao, World Athletics, wakubwa wa riadha duniani, hawamruhusu aliye chini ya miaka 20 kukimbia marathoni, nao si wajinga. Mifupa ya umri huo bado inakua. Halafu mtu wa 800 ana kasi, na kasi ndiyo mali yake. Ukimkokotesha barabarani kila mwisho wa wiki kutafuta bahasha, kasi inakwenda na goti linafuata.

Tazama wetu wenyewe. Alphonce Simbu alipata shaba ya marathoni London 2017, dhahabu ya dunia kaipata Tokyo 2025 akiwa na miaka 33. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch 1974, dakika 3:32.2, akiwa na miaka 20. Huyo ndiye aliyewahi mapema, na bado anampita binti yenu miaka mitano.

Shangazi_Wete
La nguo niachieni mimi. Mwambieni mama yake kwamba Roqaya Al-Ghasra wa Bahrain alikimbia Olimpiki ya Beijing 2008 kajifunika kichwa mpaka miguu, na miaka miwili kabla alikuwa kashachukua dhahabu ya mita 200 ya Asia kule Doha. Suruali ndefu ya kubana, fulana ya mikono mirefu juu yake, mtandio mwepesi uliofungwa kwa nyuma usipepee. Cherehani ya mtaani inamaliza kazi. Msimfunge kanga kichwani akimbie, itamchosha kwa joto na kumshukia usoni.

La pili, na hili asiulizwe na ami wala mwalimu, aulizwe na mama yake: hedhi yake inakwendaje? Msichana anayekimbia sana na kula kidogo, hedhi hukatika. Wako makocha wanaofurahi kuwa mtoto kakonda, "kawa mwepesi". Huo si wepesi, mwili hauna cha kuunguza, na mifupa nayo inadhoofika. Asubuhi uji na muhogo, mchana dagaa au samaki na kunde, na ale tena akitoka mazoezini, hata kama ni ndizi mbivu. Hivyo vyote viko Konde, hakuna haja ya poda za kopo.

Mpiga_Saa
Mimi naanzia kwenye hiyo 2:19. Kiwanja cha skuli kimepimwa na nani? Mzunguko wa mita 400 ukipungua mita 10 tu, kwenye 800 kakimbia 780, na hapo sekunde tatu au nne za bure zimeingia. Simu nayo: kidole cha mpimaji kinaanza baada ya filimbi na kinawahi mwisho. Kwenye mbio fupi hata wataalamu huongeza sekunde 0.24 juu ya muda wa mkono kabla ya kuulinganisha na wa umeme.

Mpelekeni uwanja wa Gombani, wapimaji wawili, saa mbili, muandike tarehe na upepo ulivyokuwa. Rudieni baada ya miezi mitatu. Karatasi hiyo ndiyo itakayomsemea kwa chama cha riadha, maana timu ya taifa ya riadha inayotoka nje ni ya Tanzania nzima, na wa Bara hawamjui mtu wa Konde kwa sifa za ami yake.

Kijana_wa_Mkoani
Nyote mnaogopa. Mtoto akibaki Konde nani atamuona? Wangapi wamezaliwa hapa na mbio zao, leo wanachuma karafuu? Mnasema "subiri", mwisho anaolewa.

Raba_Moja
@Kijana hapo umesema kweli, sibishi. Kambi si haramu. Haramu ni kambi bila skuli. Suleiman Nyambui, fedha ya mita 5000 Moscow 1980, alisoma na kukimbia chuo kikuu cha Texas kule El Paso. Milango ile inafunguliwa kwa muda mzuri pamoja na cheti cha kidato cha nne, na bila cheti muda peke yake hautoshi. Kwa hiyo bwana akirudi kupiga simu, kaka amuulize: atahamishiwa skuli ipi, nani mwanamke anayelala kambini kuwaangalia wasichana, na makubaliano yako wapi kwa maandishi. Kisha mzee mmoja apande boti akaone kwa macho. Akianza kukasirika, jibu mnalo.

Mtu_wa_Konde
Ahsanteni sana. Nimemsomea kaka, kanyamaza, kwake hiyo ni hatua. Maswali mawili. Analalamika ugoko baada ya mazoezi, bibi anamsugua na mafuta ya karafuu. Na Ramadhani tufanyeje?

Shangazi_Wete
Mafuta ya bibi hayana neno, lakini apumzike wiki, akimbie kwenye majani si kwenye lami. Ukiuma hata akiwa amelala, au ukimuuma sehemu moja ukibonyeza kwa kidole, hospitali. Ramadhani mazoezi mepesi karibu na magharibi ili afuturu mara moja, yale makali baada ya tarawehe akiwa kashakunywa maji.

Mtu_wa_Konde
Basi Jumamosi nampeleka Gombani. Saa ninayo moja.

Mpiga_Saa
Ya pili nitakuja nayo, baada ya alasiri jua likipungua. Aje na raba zake alizozizoea, msimnunulie mpya siku hiyo. Na mwalimu wake aje pia, asije akaona tumempora mtoto.