Ukoo wa Mikindani

[06:41] Zuhura: Assalaam alaikum jamani, amkeni. Mama mdogo Somoe ana dozi ya tatu ya dawa ya saratani, hospitali ya Ocean Road, Alhamisi. Kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, imepanda, watampima tena kabla ya kumwekea dawa. Mimi zamu yangu Mbagala imeisha, nataka mtu apande basi aje kukaa naye. Na nauli.

[07:10] Zuhura: Mmesoma 14. Hajajibu hata mmoja.

[08:20] Bakari: Waalaikum salaam. Dada, dawa nimeshatengeneza, manjano na habasoda. Wataalamu wamepima, inalinda figo kwa watu wa kemo. Naituma kwa basi la kesho, ipokeeni.

[08:21] Bakari: 📷

[08:29] Zuhura: Nimeiona. Chupa ya maji, kifuniko umekifunga nailoni, chini tope la njano. Usiitume, Bakari. Sisplatini, hiyo dawa anayowekewa, inapiga uvimbe, lakini inajikusanya kwenye vijifereji vya figo na kuharibu seli zake. Kurkumini ya manjano na thaimokinoni ya habasoda zimepunguza madhara hayo, ni kweli, ila zaidi kwa panya na seli za maabara. Panya kapewa kiini chenyewe kwa kipimo, si kijiko cha jikoni. Manjano ukiyanywa, kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Na madaktari wana hofu: kinachokinga seli ya figo kinaweza kuikinga na ya saratani.

[08:31] Hamisi: Panya wa huko wanapewa dawa kwa kipimo, wa kwangu wamekula korosho gunia zima bila kipimo 😂

[08:32] Mwanaharusi: 😂😂😂

[08:33] Chande: Bei ya mnada imetoka?

[08:34] Zuhura: Nauli jamani!!

[09:15] Bakari: Kiwanja changu cha Naliendele kiliuzwa baba alipougua. Leo chupa yangu tu haipokelewi.

[09:17] Zuhura: Hayo tulishayamaliza.

[09:17] Bakari: Mliyamaliza nyie.

[09:40] Zuhura: Figo zake wanazilinda kwa dripu ya maji ya chumvi, na magineziamu. Na aliyempa diklofenaki, ile ya maumivu, asirudie, inaziumiza figo hizohizo. Mwanaharusi?

[11:02] Mwanaharusi: Mbili tu dada. Goti lilikuwa linamliza usiku.

[13:47] Rehema: Namwandikia bibi. Anasema: "Bakari mjukuu wangu. Mizizi aliyokunywa baba yenu niliichemsha mimi, kwa mkono wangu. Siku ya nne mkojo ukakata. Sijapata kumwambia mtu. Hiyo chupa imwage."

[14:36] Bakari: Shikamoo bibi.

[14:36] Bakari: Nimesikia.

[14:50] Rehema: Anasema marahaba.

[16:05] Hamisi: Zuhura nimekutumia 20,000.

[16:11] Zuhura: Ahsante kaka. Bado mtu wa kuja.

[18:22] Bakari: Naweza kuja mimi. Ila korosho zimeanza kudondoka, nani ataniokotea? Chande?

[18:40] Zuhura: Chande?

[19:55] Zuhura: Chande mwanangu, basi linaondoka alfajiri.

[21:13] Chande: Ndo naona sasa hivi. Ngoja nimuulize mama.