ATV mpya ya shambani: sevisi ya kwanza nihesabu kilomita au saa?

Mlimaji_Nyanda
Habari za jioni wakuu. Nimevuta ATV (pikipiki ya magurudumu manne) aina ya Honda TRX420 mpya kwa ajili ya shamba la parachichi huku Njombe. Kazi yake ni kuvuta tela dogo la mbolea na kushusha matunda hadi barabarani. Ina wiki moja tu, mita inasoma km 31.

Kila ninayemuuliza ana jibu lake, nimebaki na njia tatu. Ya kwanza: niikokote taratibu hadi km 1,000 ndipo nimwage oili, kama nilivyokuwa nafanya kwenye pikipiki zangu. Ya pili: nifuate kitabu, km 150 au saa 20. Ya tatu ni ya fundi mmoja wa mjini, anasema niikamue kwelikweli tangu siku ya kwanza ili ringi za pistoni zikae vizuri kwenye silinda. Nipeni uzoefu, ipi ni ipi?

BodaMstaafu
Mkuu usijichoshe, injini ni injini. Mimi nimeendesha Boxer miaka tisa. Unatembea pole, hubebi mishikaki, km 500 unamwaga oili ya kwanza, 1,000 unamwaga tena. Hiyo 150 ni ya kuwauzia watu oili.

Spana_14
BodaMstaafu, kwa bodaboda uko sahihi, ila hapa unampoteza jamaa. Boda anatoka asubuhi, anarudi jioni na km 100 na zaidi. Hizo 500 anazimaliza ndani ya wiki. Huyu wa shambani anapanda mlima na tela gia ya kwanza na ya pili, anasimama, anapakia, injini inanguruma tu. Tuseme wastani wake ni km 8 kwa saa. Saa 20 zinampa km 160, karibu sawa na kitabu chake. Akisubiri km 1,000, injini itakuwa imefanya kazi saa 125 na oili ile ile ya kiwandani.

Na oili ya kwanza ndiyo chafu kuliko zote zitakazofuata. Ukuta wa silinda mpya una michirizi myembamba iliyochongwa makusudi, ringi za pistoni zinajisugua humo hadi zikalie vizuri. Gia nazo zinasagana meno mapya. Unga wa chuma unaotoka huko wote unaishia kwenye oili. Filta inakamata mwingi, lakini filta yenyewe ina kikomo.

Na siyo Honda peke yao. Yamaha kwenye ATV yao ya Grizzly wanataka km 320 au saa 20, Polaris wanahesabu saa 25. Wote wanakuwekea saa kwa sababu wanajua hiki chombo kinafanya kazi kimesimama.

BodaMstaafu
Hapo kwenye saa 125 umenikamata 😂 Sikuwahi kupiga hesabu hiyo.

Nyahururu_Kwetu
Mimi niko Kenya, tunatumia Grizzly kwa kuchunga ng'ombe. Hiyo ya kukamua injini siku ya kwanza, wachana nayo. Kitabu chetu kilisema saa 10 za kwanza usikae muda mrefu ukiwa umevuta mkono wa mafuta zaidi ya nusu, na kila baada ya saa moja uipumzishe dakika tano hadi kumi. Saa 10 zinazofuata usizidishe robo tatu.

Lakini pia usiiendeshe kama umebeba mayai. Ukishika mwendo mmoja siku nzima, ringi hazikai vizuri. Panda, shuka, badilisha mwendo. Huyo fundi wako ana ukweli kidogo, ni vile tu ameuvuta sana. Lakini tela la mbolea kwa wiki ya kwanza? Hapana, ndugu yangu. Tumia punda kwanza.

Mlimaji_Nyanda
Punda sina, nina vijana wawili na toroli 😅 Asante. Tela nimelifungua leo. Sasa oili: duka la hapa wananipa ya gari, wanasema ni bora kuliko ya pikipiki na bei iko chini.

Spana_14
Usiweke. Klachi yako inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili nyingi za gari ndogo zina dawa ya kupunguza msuguano, ukiiweka klachi itateleza: injini inapiga kelele, chombo hakipandi. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi kama hiyo, unene ule uliotajwa kwenye kitabu. Ukikuta kopo halina maandishi hayo, rudisha, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Mchanga_wa_Pwani
Huku Zanzibar tunazo za kuwapeleka wageni. Nyinyi mnabishana oili, mimi naona chujio la hewa ndilo linaloua mashine. Kwenye vumbi jingi usisubiri sevisi, lifungue kila wiki. Liwe limepakwa mafuta yake vizuri, likikauka vumbi linapita moja kwa moja hadi kwenye silinda, na ringi mpya ndizo zinazoliwa kwanza.

Kingine, tairi. Naomba usimpe kijana wa pancha aijaze kwa mazoea ya bodaboda. Tairi hizi zinataka upepo wa psi 4 hadi 5 hivi, angalia kibandiko kwenye mashine yako. Kwetu kijana aliweka 30. Mashine ikawa inadunda kama mpira, dereva nusura aingie kwenye mnazi. Nunua geji yako ya upepo mdogo, maana geji ya kawaida hata haisomi vizuri chini huko.

Nyahururu_Kwetu
Na nati za magurudumu zikazwe upya siku ya sevisi. Breki, nyaya, tapeti (nafasi za vali za injini) pia. Watu humwaga oili wakadhani wamemaliza.

Parachichi_Mama
Mimi swali langu ni moja: nani aifanye? Fundi wa mtaani ni rahisi, lakini dhamana?

Spana_14
Dada, ya kwanza peleka kwa wakala, halafu tunza risiti na waandike saa na kilomita kwenye kitabu. Tapeti zinapimwa injini ikiwa baridi, kwa geji. Fundi anayezisikiliza kwa sikio mwambie asubiri sevisi ya tatu.

Mlimaji_Nyanda (baada ya wiki tatu)
Mrejesho wakuu. Imefika saa 20 ikiwa na km 143, hesabu ya Spana_14 haikukosea sana. Nimeipeleka kwa wakala. Oili niliomba nioneshwe: ukiichovya kidole na kukigeuza juani inametameta kama rangi ya kucha. Tapeti moja ilikuwa imebana kidogo, na nati mbili za gurudumu la nyuma zilizunguka kwa mkono. Kwa mkono!

Tairi nimepima kwa geji mpya. Moja ilikuwa na psi 19, na hakuna anayekiri kuijaza. Tela nalifunga Jumatatu.