Mwanzo wa mvua, Tanga hadi Dodoma: programu inanipa tarehe za ajabu

Mfereji:
Wakuu, nina data ya mvua ya kila siku, 1991 hadi 2020, ya vituo vya Tanga, Same, Morogoro na Dodoma. Kanuni ni moja kwa vyote: msimu umeanza zikifika milimita 20 ndani ya siku tatu, mradi siku 30 zinazofuata zisiwe na ukavu unaozidi siku 10 mfululizo. Natafuta kuanzia 1 Januari. Dodoma karibu kila mwaka msimu unaanza wiki ya kwanza ya Januari, na Tanga miaka mingine masika inaanza Januari! Kosa liko wapi?

Kaskazi_na_Kusi:
Kinachokuponza ni kalenda, mkuu. Dodoma ina msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Ukianza kusoma 1 Januari umeingia katikati ya mvua, kwa hiyo milimita 20 zozote za mwanzo unaziita mwanzo wa msimu. Panga mwaka wake Julai hadi Juni. Tanga ina vuli na masika. Hiyo "masika" ya Januari ni mkia wa vuli. Masika usiitafute kabla ya katikati ya Februari.

Morogoro iko mpakani, usiikisie. Chukua wastani wa kila siku ya mwaka kwa miaka yote 30, kisha kokotoa mawimbi mawili: linalozunguka mara moja kwa mwaka na linalozunguka mara mbili. La pili likizidi la kwanza kwa kimo, hapo pana misimu miwili.

Na usinakili hesabu za India. Kule upepo wa kusini-magharibi ndio unaoleta mvua, Juni hadi Septemba. Kwetu mvua kubwa huja kaskazi na kusi zinapopokezana.

SaaTatu:
Kagua pia siku zisizosomwa. Zikiandikwa 0, siku 11 tupu zinageuka ukavu na mwanzo halali unafutwa. Zikiachwa -99, alama ya siku isiyo na data, zinapunguza jumla. Zitenge kabisa.

Halafu kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi, yaani maji ni ya saa 24 zilizopita. Mengi ni ya jana. Ukilinganisha na CHIRPS, yaani makadirio ya mvua yanayochanganya setilaiti na vituo, siku kwa siku utaona hazioani. Linganisha kwa siku tano tano, maana CHIRPS yenyewe hukadiriwa hivyo kwanza ndipo hugawanywa kwa siku.

Mfereji:
Dodoma imekaa sawa, asanteni. Sasa Same: miaka mingi masika haipati mwanzo kabisa.

Kaskazi_na_Kusi:
Same ni kukavu, milima inaikinga mvua; kanuni yako ni kali mno kwake. Toa wastani wa siku wa muda mrefu kwenye mvua ya kila siku, kisha jumlisha mfululizo ndani ya dirisha la msimu. Mchoro unapofika chini kabisa ndio mwanzo, kilele ndio mwisho. Hii inahitaji msimu uwe umekwisha, hivyo haimsaidii mkulima anayeuliza leo apande au asubiri.

Angalia mvua moja kubwa ya mapema. Wastani ukiwa milimita 1.5 kwa siku, milimita 60 za siku moja zinafidia karibu siku 40 kavu, na tarehe yako inarudi nyuma zaidi ya mwezi. Mwaka wa namna hiyo uchore uutazame kwa macho.