Mafuta ya karafuu: ya makonyo, ya karafuu zenyewe au ya kuloweka nyumbani?

Mtu_wa_Temeke: Wakuu, nataka mafuta ya karafuu ya kuchulia mgongo, na ya akiba jino likianza kuuma. Kariakoo kuna ya makonyo (vile vikonyo vya karafuu) na ya karafuu zenyewe, bei mbalimbali. Wengine wanasema niloweke tu karafuu kwenye mafuta ya nazi. Yapi?

Mpemba_Asili: Ya makonyo ndiyo yanayotolewa kwa mvuke pale kiwandani Wawi, Chake Chake, Pemba. Yana eujenoli nyingi (kemikali inayotia ganzi na kuipa karafuu ukali wake), mara nyingi zaidi ya asilimia 85, ndiyo maana harufu yake ni kali na kavu. Ya karafuu zenyewe yana pia eujenoli asetati, kemikali ndugu yake yenye harufu laini, basi hunukia vizuri zaidi. Kwa mgongo usilipie tofauti hiyo. Kwa manukato, lipa.

BintiMchanganyo: Yoyote kati ya hayo mawili usiyapake matupu, yanababua ngozi. Mililita 30 za mafuta ya nazi, matone 3 tu. Hiyo ni takriban nusu asilimia, na inatosha. Ukiona ngozi inawaka, futa kwa mafuta ya kula kwanza, ndipo uoshe kwa sabuni. Maji peke yake hayayatoi.

Mpemba_Asili: Kabla ya kununua yajaribu. Dondosha tone kwenye glasi ya maji, lisukume kwa kijiti cha meno maana uso wa maji huweza kulishikilia. Halisi huzama, kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Yaliyochakachuliwa sana kwa mafuta ya kula huelea.

Jiko_la_Ilala: Ya kuloweka ni mapole, yanafaa kuchulia. Ponda karafuu kavu kijiko kimoja cha chakula, mimina mafuta ya nazi mililita 100, weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto kwa saa mbili, moto mdogo. Ukiyaweka motoni moja kwa moja karafuu zinaungua na harufu inakuwa ya moshi. Chupa ikiwa na unyevu, yanaota ukungu.

BintiMchanganyo: Kwa jino hayo ni dhaifu mno. Chukua ya makonyo, matone 2 kwenye kijiko cha chai cha mafuta ya kula, chovya pamba, gusa jino lenyewe, si fizi. Yanatia ganzi tu, tundu linabaki palepale. Shavu likivimba nenda kwa daktari wa meno. Usimeze, na mtoto asifikie chupa: hata mililita chache huharibu ini lake.

Mtu_wa_Temeke: Na mbu?

Mpemba_Asili: Yanafukuza kwa muda mfupi. Chandarua kibaki.